Barua kwa mwanangu: Santa na nyumba isiyo na dohani

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nansio, sote tu wazima. Umeniuliza ufanyeje ili wajukuu wangu waendelee kumwamini Santa, yule mzee wa zawadi za Krismasi anayesemwa hushukia kwenye dohani, bomba la moshi la juu ya paa, maana wa miaka 7 ameanza kudadisi anapitia wapi kwenye nyumba yenu ya Buhongwa isiyo na dohani, na wa miaka 4 anaogopa mgeni wa usiku.

Anza na huyo mdogo, kwa sababu hofu huharibu sikukuu kuliko mashaka. Mwambie Santa haingii vyumba vya kulala kabisa. Hubisha hodi, baba humpokea sebuleni, mzigo unakabidhiwa, mlango unafungwa kwa komeo kama siku zote. Jibu hilo litamfaa na mkubwa. Dohani ni ya nchi za baridi, ambako watu huwasha moto ndani ili nyumba ipate joto. Akitaka zaidi, msimulie habari za Mtakatifu Nikolaus, askofu wa Mira wa karne ya 4, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Inasimuliwa kwamba usiku, kwa siri, alitupa dhahabu dirishani kuwaokoa mabinti watatu wa baba maskini. Santa ametokana na huyo, na kanisa humkumbuka tarehe 6 Desemba. Dirisha mnalo.

Siri huvuja kwa vitu vidogo. Mtoto wa darasa la pili anaujua mwandiko wako kwa sababu unasaini daftari lake kila siku, kwa hiyo jibu la Santa kwa barua yake liandikwe na mkono asioujua. Karatasi ya kufungia zawadi ya Santa isifanane na ya zawadi zenu. Inunue sokoni Makoroboi katikati ya Novemba ukiwa peke yako, na mabaki yake usiyaache ndani. Bandua bei. Futa meseji za muamala, maana simu yako anaishika na kusoma anajua. Barua aliyomwandikia Santa usiitupe kwenye shimo la taka. Karatasi isiyoungua vizuri huokotwa na mwenyewe.

Zawadi ya Santa iwe moja na iwe ndogo: mpira, rangi za kuchorea, kitabu. Baiskeli na nguo za sikukuu zitoke kwa baba na mama. Watoto wa mtaa mzima watahesabiana walichopata, na yule ambaye Santa hakumletea kitu atajiuliza amekosa nini. Sioni jibu jema la swali hilo. Na Santa asigeuzwe fimbo ya kumtishia mtoto asiyekula ugali wake.

Nyayo za unga huwafurahisha sana, ila zina masharti. Kata umbo la soli ya kiatu cha mtu mzima kwenye boksi gumu, uache tundu katikati. Lilaze sakafuni, kisha chekecha kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa chujio la chai, unyanyue boksi hilo wima. Nyayo 4 au 5 sebuleni zinatosha. Sakafu iwe kavu kabisa, maana Desemba ni ya mvua na unga kwenye sakafu mbichi huwa uji, feni izimwe, sukari usiweke, itavuta sisimizi. Usimwage hata punje nje ya mlango. Unga kizingitini alfajiri, jirani anaweza kuusoma kama dawa, na hapo umezua neno ambalo maelezo hayatalifuta. Wakishaona, fagia kabla wageni wa pilau hawajafika.

Muda nao una hila yake. Ukisubiri walale baada ya misa ya mkesha, utasinzia wewe kwanza. Wakishakaa kwenye gari kwenda kanisani, baba arudi ndani “kuchukua mwavuli”, apange zawadi na nyayo, anywe maziwa waliyomwekea mgeni, aume andazi nusu na kuliacha sahanini. Dakika kumi zinatosha, kama kila kitu kilifungwa siku mbili kabla. Mkirudi, wao ndio watangulie kuingia.

Sasa swali gumu. “Anapitia wapi?” ni mtoto anayetaka hadithi iendelee, mpe. “Ni wewe na baba?” ni swali jingine. Mara ya kwanza mrudishie: wewe unaonaje? Mara nyingi atajijibu mwenyewe, kwa jibu analolitaka. Akirudia huku anakutazama usoni, mwambie ukweli siku hiyo hiyo, faraghani, mdogo wake asisikie. Usiape kamwe kwa jina la Mungu kulinda hadithi hii. Imani yake kwako ina thamani kuliko Krismasi moja. Kisha mpe kazi mara moja, asibaki na majonzi: yeye sasa ndiye atachagua zawadi ya mdogo wake na kushika chujio. Mtoto aliyepewa kazi hutunza siri kuliko aliyeamriwa kunyamaza.

Jibu la Santa nitaliandika mimi. Niambie kabla ya tarehe 10 kila mtoto amejitahidi katika nini mwaka huu, na kama mkubwa ameng'oka jino. Nitaandika sentensi nne tu, bila ahadi yoyote ya mwakani, na bahasha nitampa mjomba wako anayevuka kwa meli Jumamosi.

Mama yako