2009 Moshi tulisusa kitimoto, mbege tukanywa kata moja

Mkuu, umeuliza mbona mafua mapya yakitangazwa nusu ya watu wanalia dunia imekwisha na nusu wanasema ni biashara ya wazungu. Nikujibu kwa niliyoyaona, maana 2009 nilikuwa nachoma kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, Majengo, hapa Moshi, na mafua ya nguruwe yaliingia mfukoni mwangu kabla hayajaingia pua ya jirani yeyote.

Virusi vyenyewe, H1N1, vilijulikana Mexico na Marekani Aprili mwaka huo. Jina ndilo lililoniponza. Tukasikia Misri imeamuru nguruwe wote wachinjwe, karibu 300,000, wakati haijapata hata mgonjwa mmoja. Basi, jiko likapoa. Dada mmoja, mteja wangu wa siku zote, alisimama mbali ameziba pua na kanga, akaniuliza, "Mangi, hawa wako wametoka wapi?" Nikamwambia Kibosho, kwa mzee ninayemjua. Akaenda kula kuku.

Nyuma ya banda langu kulikuwa na kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Kata moja, kibuyu cha kunywea, inazunguka benchi zima: huyu anakohoa, yule anafuta ukingo kwa kiganja, anakunywa. Na hao ndio walionitania kwamba nauza sumu! Mafua yale yalikuwa yanapita kwa mate na makamasi, mtu kwa mtu. Nyama iliyoiva haikuwa na kosa lolote. (Biashara ilirudi Desemba, Wachaga walipokuja nyumbani kwa Krismasi, "kuhesabiwa" kama tusemavyo. Hakuna aliyeuliza nguruwe katoka wapi.)

Sasa hizo kelele. Juni 11 Shirika la Afya Duniani likatangaza janga, ngazi ya 6, ya juu kabisa. Ngazi ile ilipima virusi vimesambaa kiasi gani, haikupima vinaua kiasi gani. Shirika lenyewe lilisema ukali ni wa wastani na wagonjwa wengi wanapona bila dawa. Watu wakasikia "ya juu kabisa", wakaelewa kifo. Miezi ikapita, hakuna anayeanguka barabarani, wakageuka: tumedanganywa.

Janga likatangazwa kwisha Agosti 2010. Vifo vilivyothibitishwa maabara ni 18,000 na ushee, na wabishi wameing'ang'ania namba hiyo mpaka leo. Lakini anayefia nyumbani kijijini nani anampima? Watafiti walipokadiria baadaye walipata kati ya 150,000 na 575,000 kwa mwaka wa kwanza tu, na wengi walikuwa chini ya miaka 65. Wajawazito nao waliumia sana. Mwanzoni namba hukosea upande wa pili: wanaopimwa ni mahututi waliolazwa, wa mafua mepesi wako kazini, hivyo ugonjwa unaonekana unaua kila anayeugusa.

Ndiyo maana mimi nikisikia mafua mapya siulizi wamekufa wangapi. Nauliza yanatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, au bado ni wafuga kuku na ng'ombe tu? Na wanaolazwa ni akina nani? Ukiambiwa ni vijana na wajawazito, shemeji yako mwenye mimba akipata homa na kubanwa kifua, msimfungie ndani mkimfukiza mwarobaini, wala msimnunulie antibayotiki dukani, hazigusi virusi. Mpelekeni hospitali mapema. Dawa za mafua zenyewe zipo, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya siku 2 za mwanzo.