Geji ya kompresheni inasoma 175: usikimbilie kununua injini

Msomaji wa Buzuruga, hapa Mwanza, ameniandikia. Toyota IST yake iliunguza gasketi, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ikasagwa ili inyooke, na sasa geji inasoma 175 PSI, kipimo cha presha, silinda zote nne. Fundi anasema inatakiwa ifike 200, kwa hiyo injini imekwisha. Haijaisha. Inauma kuona mtu akilipia injini nzima kwa sababu ya vitu viwili vilivyochanganywa: uwiano wa kompresheni na presha.

Uwiano wa kompresheni ni hesabu ya nafasi. Kwenye 1NZ-FE, injini ya IST hiyo, kila silinda inasukuma kama cc 374, na pistoni ikifika juu kabisa inabaki nafasi ya cc 39 hivi. Jumlisha, gawanya kwa hiyo 39, unapata 10.5 kwa 1. Ringi zikichoka uwiano haubadiliki. Kinachoshuka ni presha, na presha ndiyo geji inayosoma.

Presha inaanzia kwenye hewa ya nje. Ziwa letu la Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ya hapa iko chini ya ile ya Dar kwa asilimia 12 au 13. Injini inayosoma 200 pwani, hapa itasoma kama 175.

Pima hivi: injini iwe ya moto, betri iwe imejaa. Toa plagi zote, si moja moja. Chomoa koili na soketi za nozeli, fungua njia ya hewa mpaka mwisho, piga selfu mizunguko sita, andika. Tazama tofauti kati ya silinda, isizidi asilimia 10 hadi 15. Silinda ikiwa chini, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikishuka pamoja, kagua gasketi kwanza.

Hedi iliyosagwa ndiyo ya kuuliza kwa makini. Nusu milimita inaweza kula cc 2 za chumba cha moto, uwiano ukatoka 10.5 hadi karibu 11. Kwa hiyo mwambie fundi apime hedi kwa rula na filagaji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya) kwanza, asage kile tu kilichopinda, akuandikie amesaga kiasi gani. Uwiano ukipanda, petroli hulipuka vibaya ndani ya silinda na injini hutoa mlio wa kugonga. Hapa Mwanza mlio huo unaweza usisikike kabisa, kisha gari likateremka Dar kwenye hewa nzito likaanza kulia kama changarawe kwenye kopo kila likipanda mlima. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta mlio huohuo hata hapa, na pistoni hutoboka.

Wenye mitumbwi pia: mashine za boti za mafuta ya taa zimetengenezwa na uwiano mdogo makusudi. Usiyatie kwenye mashine ya petroli.

Dizeli ni habari nyingine. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser ina 22.4 kwa 1, maana hewa iliyobanwa yenyewe ndiyo inayowasha mafuta. Gasketi zake zina unene tofauti. Tazama alama ya ile ya zamani kabla ya kwenda dukani.

Na mafundi wa majokofu ya samaki, uwiano wa kompresa ni presha ya kutoka kugawanya ya kuingia, lakini kwa kila moja ongeza kwanza presha ya hewa ya nje, ambayo hapa ni baa 0.88. Geji zikisoma baa 12 na baa 1, jibu si 12. Ni 12.88 kwa 1.88, karibu 7.