Msimbazi, jero na mzinga: mwanangu anasema nini?

SWALI: Mhariri, mwanangu anasoma chuo Dar es Salaam. Juzi alinitumia ujumbe huu: "Mama, vyuma vimekaza, sina hata jero, nirushie msimbazi mmoja." Nilitambua kwamba anaomba fedha, lakini maneno yenyewe yalinipita. Mdogo wake alicheka sana, akaniambia, "Mama, umepigwa mzinga." Naomba kujua maana ya maneno hayo, na kama hayamharibii mtoto Kiswahili chake. – Mama, Morogoro.

JIBU: Shikamoo mama. Mwanao anasema kwamba hali yake ya fedha ni ngumu, hana hata shilingi 500, na anakuomba umtumie noti moja ya shilingi 10,000.

Neno linalonifurahisha zaidi katika ujumbe huo ni msimbazi. Noti ya shilingi 10,000 ni nyekundu, na kwa mpenzi wa soka nchini mwetu wekundu ni Simba, klabu iliyoanzishwa mwaka 1936 na yenye makao yake katika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ndiyo maana mashabiki wake huiita Wekundu wa Msimbazi. Rangi ya noti ikaikumbusha klabu, klabu ikaukumbusha mtaa, na jina la mtaa likawa jina la fedha. Kinachochekesha ni kwamba hata shabiki wa Yanga aliyeshiba upinzani hujikuta akiutaja mtaa wa mahasimu wake kila anapohesabu noti zake.

Kupiga mzinga ni kumwomba mtu fedha, hasa kwa ghafla. Mzinga unaokusudiwa hapa, kwa maoni yangu, si wa nyuki bali ni ile silaha nzito, kwa sababu vijana husema pia kupiga bomu kwa maana hiyohiyo. Anayeombwa huonekana kama ngome iliyoshambuliwa bila taarifa, na mzazi yeyote aliyewahi kupokea ujumbe wa namna hiyo mwisho wa mwezi atakiri kwamba mfano huo haukukosea.

Vyuma vimekaza ni msemo ulioenea katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Rais John Magufuli, aliyeingia madarakani mwaka 2015, watu walipolalamika kwamba fedha imepungua mifukoni. Wakati wa Rais Benjamin Mkapa, kati ya mwaka 1995 na 2005, hali hiyohiyo iliitwa ukapa. Litazame neno hilo kwa makini, mama: Mkapa amevuliwa m- akavikwa u-, kama vile mzee anavyotoa uzee, na neno lililopatikana linatofautiana kwa herufi moja tu na ukata, neno la Kiswahili sanifu lenye maana ya kukosa fedha. Sidhani kama mtu asiyeimudu lugha yake angeweza kuunda mzaha wa namna hiyo.

Kwa hiyo sioni uharibifu hapo. Mwanao ameandika vyuma vimekaza, si "vyuma zimekaza", na upatanisho wake wa kisarufi ni kamili. Maneno ya aina hii huitwa misimu, nayo hufundishwa katika somo la Kiswahili sekondari. Mengi hufa upesi, na machache hudumu. Daladala lilianza hivyohivyo miaka ya 1980, nauli ilipokuwa shilingi 5 na sarafu ya shilingi 5 ikiitwa dala, na leo limo katika kamusi.

Jambo moja tu ningemwonya kijana wetu: asiyapeleke maneno hayo katika barua ya kuomba kazi wala katika karatasi ya mtihani. Kwa mama yake, ayaandike, mradi aanze na shikamoo, ambayo katika ujumbe ulioninukulia sikuiona.