Achana na sabufa kubwa, tafuta amplifaya na spika mbili

Ndugu yangu wa Nyakato, nimekuelewa: una laki sita, sabufa yako inavuma besi tupu hadi mwimbaji anamezwa, na unafikiria kununua kubwa zaidi. Usinunue. Tafuta amplifaya ya stereo ya mtumba na spika mbili za mbao. Nilipofanya hivyo hapa Mwanza, ndipo nikasikia vidole vikitembea kwenye nyuzi za gitaa.

Kabla ya kulipa, geuza amplifaya usome nyuma. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani huandikwa volti 100, na umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja, umeiunguza. Yangu ya kwanza iliungua hivyo hivyo. Muuzaji hakuniambia kitu, na iliniuma sana. Ya namna hiyo inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na fundi aipime kwanza. Usiifungue mwenyewe, ndani hubaki chaji hata ukishachomoa.

Spika nazo, mulika ukingo wa koni, ile sehemu ya mbele inayotetemeka, kwa tochi ya simu. Sponji ikimeguka kama keki, ziache. Sukuma koni taratibu kwa vidole. Ikikwaruza, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, ina shida. Omu za spika, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme, zisiwe chini ya zilizoandikwa kwenye amplifaya. Namba za PMPO, zile kubwa za kuvutia wateja, zipuuze; soma wati za RMS, yaani nguvu halisi ya kuendelea: 30 kila upande zinatosha sebule ya kawaida.

Nyumbani zisogeze mbele ya ukuta kidogo, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio. Umeme ukikatika, chomoa.