Hapana, antistrofi sio kiitikio
Umeuliza kama antistrofi kwenye nyimbo za kwaya za tamthilia za Ugiriki ya kale ndo kiitikio. Hapana, kiitikio kinarudia maneno yaleyale, hapa maneno ni mengine kabisa ila mapigo ndo yanarudi. Yani strofi, ubeti wa kwanza wa jozi, inaweka mpangilio wa silabi ndefu na fupi mstari kwa mstari, alafu antistrofi, ubeti wa pili, inaufuata uleule, strofi inayokuja inaanza mpangilio mpya. Sio kama utenzi wetu ambao mizani ni ileile mwanzo mpaka mwisho, hawa wanaenda mbili mbili, na saa ingine mwishoni kuna epodi, ubeti wa kufungia usio na mwenzake.

Chukua tamthilia ya Antigone ya Sophocles, wimbo wa kwanza baada ya ule wa kuingilia, ule wa maajabu ya binadamu, una jozi mbili. Utamu uko jozi ya pili: kwenye strofi kuna pantoporos, mwenye njia ya kila jambo, na papo hapo aporos, asiye na njia, alafu kwenye antistrofi, sehemu ileile ya mapigo, inakuja hypsipolis, aliye juu mjini kwake, na apolis, asiye na mji!! Hapo watu 15 wanaimba na kucheza, aulos inalia kama zumari, na sikio lishalizoea pigo lile kwahiyo msikilizaji anaunganisha mwenyewe. Ukisoma tafsiri ya nathari yote hayo hupati, inauma sana, tafuta chapa iliyoandika strofi na antistrofi pembeni ya beti.