Darcy Aseme Mwenyewe: Maswali ya Wasomaji

Maswali ya safari hii yanahusu kazi moja: kuisimulia upya Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1813, kwa jicho la Bwana Darcy. Katika riwaya yenyewe msomaji humfuata Elizabeth Bennet karibu mwanzo hadi mwisho, na Darcy humjua kwa kadiri Elizabeth anavyomjua.

SWALI: Nimeshaandika sura kumi. Nimechukua kila tukio la riwaya nikampa Darcy usemi wa “mimi”. Walionisomea wanasema ni hadithi ileile, ila inakwenda polepole zaidi. Nimekosea wapi?

JIBU: Umeendelea kumfuata Elizabeth. Matukio uliyoyachagua ni yale aliyokuwepo yeye, kwa hiyo Darcy wako anakuwa hai pale tu Elizabeth anapoingia chumbani. Mtu wa miaka 28 mwenye shamba kubwa, dada wa kumlea na rafiki anayemtegemea kwa kila uamuzi hana maisha ya namna hiyo.

Weka rasimu kando, utengeneze kalenda. Chora safu tatu: tarehe, mahali alipo Darcy, na anachokijua siku hiyo. Oktoba yuko Hertfordshire, kwenye dansi ya mji wa Meryton. Novemba 26 ni dansi ya Netherfield, nyumba aliyoikodi rafiki yake Bingley. Siku chache baadaye yuko London, na hamwoni Elizabeth tena mpaka karibu na Pasaka, kule Rosings, Kent, kwa dada wa mama yake. Aprili anaposa na kukataliwa. Wanakutana tena Agosti, Pemberley, nyumbani kwake Derbyshire. Ukijumlisha mapengo hayo unapata miezi kama saba ambayo riwaya haimwonyeshi kabisa. Hapo ndipo kitabu chako kilipo.

Chukua majira ya baridi peke yake. Jane Bennet, dada yake Elizabeth, yuko London tangu Januari. Darcy anajua, na anamficha Bingley, aliyempenda Jane. Baadaye, katika barua anayompa Elizabeth, sura ya 35, anakiri kwamba katika jambo zima la kuwatenganisha wale wawili, ni uficho huo tu usiompa raha. Austen ametumia sentensi chache kwa jambo hili, lakini kwako ni sura mbili au tatu: Bingley yuko mezani, hana furaha, Jane yuko katika mji huohuo, na Darcy ananyamaza. Hakuna haja ya kubuni vituko, kwa kuwa taharuki tayari imo katika ule ukimya.

Kwa makisio yetu, kati ya sura kumi, nne ziwe za matukio ambayo wawili hawa wako pamoja, na sita ziwe za Darcy peke yake. Katika zile nne usinakili mazungumzo yote. Ingia katikati, bakisha maneno ambayo kukosekana kwake kungemshtua msomaji, kisha utoke mapema. Na usidhani kwamba akili ya Darcy imefungwa kabisa katika riwaya. Sura ya 6 inaeleza jinsi alivyojithibitishia kuwa uso wa Elizabeth hauna uzuri, papo hapo akaanza kuona macho yake. Katika sura ya 12 anaamua asimpe matumaini, na Jumamosi nzima hamwambii hata maneno kumi. Wanaachwa peke yao nusu saa, naye anakazana na kitabu chake. Nusu saa hiyo inastahili kurasa nne.

SWALI: Austen anaficha yaliyompata Georgiana, dada yake Darcy, kwa yule ofisa Wickham, mpaka kwenye barua. Je, na mimi nifiche hadi hapo?

JIBU: Hapana. Austen anaweza kuficha kwa sababu Elizabeth hajui. Darcy anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba kiangazi kilichopita, kule Ramsgate, Wickham alikaribia kumtorosha Georgiana, binti wa miaka 15 mwenye mali ya pauni 30,000. Msimulizi anayesema “mimi” halafu akazunguka donda lake kwa sura 30 anamlaghai msomaji, na msomaji akigundua hasamehe.

Litoe mapema, kabla ya sura yako ya tatu. Utapoteza fumbo, utapata kitu kizito zaidi: kila Darcy anapomwona Wickham akishangiliwa Meryton, msomaji anajua kwamba neno moja la Darcy lingemwangusha, na kwamba neno hilohilo lingemchafulia Georgiana jina. Swali la msomaji linabadilika. Hajiulizi tena “kuna siri gani?” bali “atanyamaza mpaka lini, na ukimya huu utamgharimu nani?” Jibu linakuja Agosti, Lydia Bennet, mdogo wake Elizabeth, anapotoroka na Wickham huyohuyo.

SWALI: Sura ya posa ya kwanza imenishinda. Nikiiandika kwa upande wake anaonekana mjinga au mkatili.

JIBU: Kasoro iko katika sura zilizotangulia. Posa hiyo inaaminika ikiwa Darcy ameshakusanya ushahidi, na ushahidi wote ameusoma vibaya. Riwaya imekupa mfano bora katika sura ya 33. Elizabeth anakutana naye kwenye bustani ya Rosings, na ili lisitokee tena anamwambia kuwa njia ile ndiyo anayoipenda kutembea. Darcy anarudi mara ya pili, na ya tatu. Elizabeth anashangaa, Darcy anaona amealikwa. Andika matembezi hayo matatu kikamilifu, kila moja likimwongezea uhakika. Baadaye, sura ya 58, anakiri mwenyewe kwamba aliamini Elizabeth alikuwa akiisubiri posa yake.

Hapa ile safu ya tatu ya kalenda inafanya kazi. Siku ya posa Darcy hajui kwamba saa chache kabla Kanali Fitzwilliam, binamu yake, amemsimulia Elizabeth, bila kujua uzito wake, jinsi Darcy alivyomwokoa rafiki yake na ndoa isiyofaa. Wala hajui Wickham amesema nini juu yake. Mara nyingi waandishi huharibu hapa: kwa kuwa wao wanajua, wanampa Darcy wasiwasi usio wake. Aingie katika nyumba ya kasisi, alikofikia Elizabeth, akiwa na hofu ya ukoo wake na cheo chake tu. Jibu la Elizabeth hata halimpitii akilini kuwa la kuogopa.

Kosa la pili ni kumgeuza usiku uleule. Anasema waziwazi kwamba ilimchukua muda kukubali kuwa maneno ya Elizabeth yalikuwa ya haki. Barua aliyoandika asubuhi ile aliidhani imeandikwa kwa utulivu, na baadaye akatambua ilijaa uchungu. Basi mwache aamini ametulia. Msomaji auone uchungu katika vitendo: kurasa zinavyojaa mpaka bahasha nayo inaandikwa.

SWALI: Ninahitaji ruhusa? Na naweza kutumia tukio la Darcy kuogelea ziwani?

JIBU: Austen alifariki mwaka 1817, na riwaya yake haina tena mwenye haki. Ziwa ni jambo jingine. Halimo katika riwaya. Linatokana na tamthilia ya televisheni ya BBC ya mwaka 1995. Vivyo hivyo posa ya kwenye mvua ni ya filamu ya 2005. Kwa Austen iko ndani ya nyumba. Tafsiri za karibuni nazo zina haki zake, kwa hiyo maneno unayoyabakisha yatafsiri mwenyewe.

SWALI: Kwa Kiswahili, nitumie nafsi ya kwanza au ya tatu? Na Darcy amwiteje Elizabeth?

JIBU: Nafsi ya kwanza, kwa sababu ya sarufi. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi. Ukiwaweka Darcy, Bingley na Elizabeth chumba kimoja kisha ukaandika “akamtazama, naye akageuka”, msomaji hajui nani kamtazama nani, nawe utalazimika kurudia majina kila mstari. “Akanitazama” inaondoa nusu ya mzigo huo.

Angalia pia -ka-. Ukiifululiza, “nikasimama, nikamwona, nikasalimu”, kila kitu kinakimbia, na Darcy ni mtu wa kutazama. Anapotazama tumia “alikuwa akisoma”, “nilimwona akicheka”. -Ka- ibaki kwa vitendo vyake vya ghafla, ambavyo ni vichache.

Amwite “Bi Bennet” anapozungumza naye. Jina “Elizabeth” peke yake lisitoke kinywani mwake hadi posa ya pili, sura ya 58, Austen anapoliweka. Ukimruhusu kulisema mapema, hata katika mawazo yake, umeutumia mtaji wako wote.

SWALI: Agosti Darcy anakwenda London kumtafuta Lydia. Nina nafasi kiasi gani ya kubuni?

JIBU: Kubwa, ila mifupa imeshawekwa na barua ya Bi Gardiner, mke wa mjomba wake Elizabeth, sura ya 52. Darcy anaondoka Derbyshire siku moja baada ya akina Gardiner. Anamwendea Bi Younge, yule aliyekuwa mlezi wa Georgiana, anayekodisha vyumba Edward Street, na inamchukua siku mbili tatu kumtoa maelezo. Anamwona Wickham, kisha anasisitiza kumwona Lydia, naye anakataa kuondoka. Yanafuata malipo: madeni ya Wickham, zaidi ya pauni 1,000, pauni 1,000 nyingine kwa Lydia juu ya fungu lake, na gharama ya kumnunulia Wickham cheo cha jeshi.

Usiyarukie hayo malipo kwa aya moja. Wickham huyu ndiye aliyewahi kulipwa na Darcy pauni 3,000 ili aachie nafasi ya ukasisi. Waweke meza moja, kila kiasi kitajwe kwa sauti, na Wickham aombe zaidi ya anachoweza kupata, kama barua inavyosema. Darcy asifikirie kabisa kwamba Elizabeth atajua.