Kwa mama aliyekuta riwaya kwenye begi la binti yake: usiichome, na usimhoji

Dada mleta mada, nimeupitia uzi wote kabla ya kuandika. Kwa wanaoingia sasa: dada yetu amekuta riwaya ya watu wazima ndani ya begi la binti yake wa miaka 14, ina mapenzi na matusi ya kutosha. Mumewe anataka ichomwe. Yeye anauliza kama amnyang'anye, na kama huo uhuru wa kusoma tunaoupigia kelele humu unamhusu pia mtoto anayekula na kulala kwa wazazi wake.

Wengi waliotangulia wamejibu kwa mkato kwamba mtoto hana uhuru, ana wazazi. Nawaelewa. Mimi ni baba, kijana wangu ametoka kwenye umri huo juzi juzi tu, kwa hiyo hofu hiyo naijua. Msimamo wangu niuweke wazi mapema: usimnyang'anye, na pia usimhoji. Hilo la pili ndilo gumu, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Kuhusu "mtoto hana uhuru", nitapita haraka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ibara ya 13, unampa mtoto haki ya kutafuta na kupokea habari na mawazo ya kila aina, yawe ya mdomo, ya kuandikwa au ya kuchapwa. Ibara ya 5 inatambua haki na wajibu wa wazazi wa kumwongoza, ila kwa kadiri uwezo wake unavyokua. Mimi nautafsiri hivi: mtoto wa miaka 6 unamchagulia kitabu, wa miaka 10 mnachagua pamoja, wa miaka 14 unajua nyumbani kuna nini na unakaa karibu. Huo mgawanyo wa umri ni wangu, usiutafute kwenye mkataba. Waliosema kuongoza ni wajibu wako hawajakosea. Waliosema kuongoza ni kupekua begi, hapo tunaachana.

Sasa yaliyonikuta. Kijana wangu alikuwa na kitabu alichokivika jalada la kitabu cha hesabu. Kilichomsaliti ni unene, kwani hakuna kitabu cha hesabu cha darasa lake chenye kurasa nyingi vile, na sijapata kumwona mwanafunzi anayeng'ang'ania hesabu mpaka anasahau kuitwa mara tatu. Alipokuwa shule nikakitoa, nikakaa kitandani kwake nikaanza kukisoma. Nilikuwa natafuta kurasa za aibu. Zilikuwapo, mbili tatu hivi, tena zimeandikwa vibaya kiasi kwamba hata aibu yenyewe haikunoga. Kurasa hizo zilikuwa safi, kama hazijaguswa. Uliokunjwa pembe, ukakunjuliwa, ukakunjwa tena mpaka karatasi ikaanza kuachia, ulikuwa ukurasa wa mvulana aliyelala macho usiku akiwasikiliza wazazi wake wakigombania fedha upande wa pili wa ukuta. Maneno hayasikiki, sauti tu. Ya baba ikishuka, ya mama inapanda. Mvulana anasubiri mlango ubamizwe ili ajue kwamba yamekwisha, apate usingizi.

Kipindi kile mimi na mama yake tulikuwa na mgogoro wetu wa fedha, na tulikuwa tunausubirisha mpaka watoto walale.

Nilikirudisha kitabu ndani ya jalada lake la hesabu, kikae vilevile. Mama yake nilimwambia. Mazungumzo ya fedha tukayahamishia mchana, watoto wakiwa hawapo. Kijana sikumwambia kitu, na mpaka leo hajui kama niliuona ule ukurasa, labda asome hapa.

Hebu nifanye kwamba nilimwita sebuleni, kitabu kikiwa mkononi mwangu: "Huu ni ujinga gani unausoma, na kwa nini umekunja hapa?" Angejibu nini? Angedanganya, kwa adabu kabisa, kisha angetafuta maficho mazuri zaidi. Alikuwa amepata mahali pa kuliweka jambo ambalo hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu waliopaswa kuambiwa ndio waliokuwa jambo lenyewe. Kitabu kilimfanyia kazi ambayo mimi nisingeweza kuifanya siku ile. Ningekigusa kwa maswali, kazi hiyo ingekufa.

Ndiyo maana nasema uhuru wa kusoma haukamiliki kwa kuruhusiwa kitabu. Unahitaji pia kuachwa usome bila kudaiwa maelezo. Daniel Pennac, Mfaransa aliyekuwa mwalimu na mwandishi, mwaka 1992 aliorodhesha haki kumi za msomaji. Watu hupenda ya kwanza, haki ya kutosoma, na ya tatu, haki ya kutomaliza kitabu, maana zinatupa ruhusa sisi wavivu. Mimi nashika ya kumi: haki ya kunyamaza. Umesoma, umefunga kitabu, hudaiwi ripoti na mtu.

Wakutubi wanalijua hili kuliko wazazi. Chama cha wakutubi wa Marekani kimeweka usiri wa wasomaji katika maadili yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 2005 huko Connecticut, jimbo la Marekani, shirika la upelelezi la FBI liliwataka wakutubi wanne watoe taarifa za mtumiaji wa kompyuta ya maktaba, na likawakataza hata kusema kwamba wametakiwa. Walikataa wakaenda mahakamani, na mwaka uliofuata serikali ikaachana na dai lake. Watu wazima walikubali kuburutana na dola ili jirani wasiyemjua asome bila kuchunguliwa. Sisi tunashindwa kuuacha mto wa mtoto wetu bila kuuinua!

Kuna aliyeandika huko juu kwamba mtu asiyekuwa na la kuficha hasumbuki kuulizwa anasoma nini. Nina la kumwambia, kwa sababu mimi mwenyewe naendesha blogu ya mambo ya kila siku: nyumbani kumezuka nini, mvua, kazi, kitabu kilichonikaa kichwani. Kwa muda kila kitabu nilichomaliza nilikuwa nakiandikia. Raha ilikuwapo, wasomaji wanajibu, wanapendekeza vingine. Lakini taratibu nikaona macho yangu yanasoma tofauti. Nikifika sentensi nzuri, mkono unakwenda kuinakili kwa ajili ya blogu kabla haijaniingia mimi. Nikiwa dukani nashika kitabu, najiuliza kitaonekanaje kwenye orodha yangu. Riwaya za mapenzi ambazo nazipenda tangu ujana nikaanza kuzisoma kwa kujificha, mtu mzima mwenye ndevu! Hakuna aliyenikataza. Macho ya watu yalitosha. Siku hizi kuna vitabu ambavyo blogu haivisikii kabisa, na ndivyo ninavyovifurahia zaidi.

Watoto nao wana habari. Siku moja binti yangu mdogo alikuwa amejilaza sakafuni anasoma, nikamuuliza kwa mapenzi tu kama hadithi imefika patamu. Akafunga kitabu na kidole ndani. "Baba, hii utaiandika?" Nikamjibu siandiki. Akanitazama kwanza, halafu akaendelea kusoma, lakini akiwa amegeukia ukutani. Tangu hapo nimeweka sharti kwamba wanachosoma wanangu hakiingii kwenye blogu, hata kama kinachekesha vipi. Nyinyi mnaopiga picha watoto wakiwa na vitabu na kuwarusha mtandaoni kwa fahari, mtaamua wenyewe.

Nirudi kwa shemeji anayetaka kuchoma. Mwambie kwa upole kwamba njia hiyo ilishajaribiwa na watu wenye nguvu kuliko yeye. Kanisa Katoliki lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa, iliyotolewa na Papa Paulo IV mwaka 1559 na kufutwa mwaka 1966. Kitabu cha mwanasayansi Galileo kinachojadili kama ni dunia au jua linalozunguka kiliingizwa humo baada ya kesi yake ya mwaka 1633, na hakikuondolewa mpaka toleo la 1835. Karne mbili hizo dunia haikuacha kuzunguka. Au mkumbushe Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyekuwa mtumwa Baltimore akiwa mtoto. Mke wa bwana alianza kumfundisha alfabeti, bwana akakataza akisema kusoma kutamharibu mtumwa. Douglass aliandika mwaka 1845 kwamba makatazo yale ndiyo yaliyomfumbua macho: kumbe njia ya kutoka utumwani ilikuwa hapo. Akaendelea kujifunza kwa watoto wa mtaani, akiwalipa kwa mkate. Sisemi riwaya ya binti yenu ina uzito huo. Nasema mkiichoma, mtakuwa mmempa kitabu hicho thamani ambayo mwandishi wake hakuweza kukipa.

Kuna mpaka? Upo, na sitaki nionekane mzazi wa kuacha kila kitu. Picha na video za ngono haziingii kwenye hoja hii, hizo nazuia na sababu naitaja. Jambo la pili ninalolisimamia ni pale penye mtu upande wa pili. Riwaya, hata iwe chafu vipi, haimuulizi mtoto anaishi wapi wala haimwombi picha. Hadithi zinazoandikwa kwenye programu za simu, ambako mwandishi na wasomaji wanachati faraghani, ni kitu kingine kabisa, na hapo mtoto wangu alijua kwamba nina haki ya kuuliza anaongea na nani. Nauliza kuhusu mtu, siulizi kuhusu hadithi. Na kama mtoto amebadilika, hali chakula, hapati usingizi, anajitenga, basi uliza kuhusu yeye. Kitabu kiache pembeni, si lazima ndicho kilichomfikisha hapo.

Kwa wanaoshauri ahamishiwe vitabu vya simu ili mama aweze "kufuatilia", hilo ndilo silitaki hasa. Kifaa kinajua ukurasa alioishia, saa aliyosoma na mstari alioupigia alama, na siyo wewe peke yako unayeweza kuona. Hata umiliki wenyewe ni wa mashaka: mwaka 2009 kampuni ya Amazon iliingia kwenye Kindle za wateja, yaani vifaa vyake vya kusomea vitabu, na kufuta nakala za riwaya za George Orwell walizokwisha kulipia, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Fedha zilirudishwa na mkuu wa kampuni akaomba radhi, lakini watu waliamka vitabu havipo. Kitabu cha karatasi hakimripoti mtu. Kama uwezo upo, mnunulie vya karatasi.

Utaniuliza basi mwongozo unaingilia wapi. Kwangu uliingilia kwenye rafu. Nilikuwa naacha vitabu vizuri mahali vinapoonekana, bila hotuba, na baadhi yake vina mapenzi yaliyoandikwa na watu wanaojua kuandika, ili mtoto apate cha kulinganisha. Vingine vilikaa mpaka vikapauka. Kimoja nilichokidhania kigumu kilipotea rafuni, kikarudi baada ya muda kimelegea mgongo. Sikuuliza. Mimi nami nilikuwa nasema nyakati za kula kuhusu nilichosoma, bila kumgeuzia swali mtu yeyote: leo nimesoma kitabu mwanamume ndani yake anamdanganya mkewe, nimekasirika mpaka nikakiweka chini. Basi. Mara nyingi kimya, mara chache kijana anachomekea, "Huyo wa kwangu ndiyo mbaya zaidi." Hapo ndipo mazungumzo unayoyatafuta yanapoanzia, na yeye ndiye anayeyafungua.

Shemeji naye mpe riwaya hiyo aisome kabla ya kuihukumu, atafute nakala nyingine, ya binti ibaki begini. Akiimaliza na bado ana hasira, angalau mtakuwa mnagombana kuhusu kitabu kimoja.

Umeongeza huko chini kwamba kuna kitabu kingine mwalimu alimnyang'anya darasani na hajakirudisha. Hapo pima sababu. Kama alikuwa anakisoma wakati wa somo, mwalimu ana haki ya kukichukua mpaka kipindi kiishe, sawa na simu. Kama amekichukua kwa sababu hakipendi, hilo ni jambo jingine. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa na kesi ya wanafunzi walioishtaki bodi ya shule ya Island Trees, New York, kwa kuondoa vitabu kwenye maktaba. Majaji waligawanyika 5 kwa 4, watano wakiwa upande wa wanafunzi, na hata hao watano hawakukubaliana kwa hoja zote, ila jaji Brennan aliandika kwamba bodi haiwezi kuondoa vitabu kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo. Ilihusu maktaba, siyo begi la mwanafunzi, na haiwafungi walimu wa kwingine, lakini swali lake ni zuri kwenda nalo: mmekichukua kwa sababu ya muda au kwa sababu ya yaliyomo? Nenda mwenyewe, usimtume binti. Uliza kwa heshima, useme kitabu ni mali ya mtoto na unakihitaji. Wakikwambia kina maneno mabaya, waombe wakuandikie kwa barua ni maneno gani na kanuni ipi ya shule imevunjwa. Ilipokuwa zamu yangu kuomba barua ya namna hiyo, haikuandikwa. Kitabu kilipatikana kabatini siku ileile.